Pinyo Mbili za Rangi ya Mawese

Mwanamke nisiyemjua aliingia katika parseli yetu, uwanja wa nyumba yetu ya Majengo mjini Goma, siku ya Jumatano, mnamo saa tisa mchana, mvua ikinyesha. Kichwani alibeba beseni lililofunikwa kwa plastiki, na mkononi alishika kandambili moja iliyokatika mkanda. Mimi nilikuwa barazani, nimeinama juu ya meza, nakaza goti la roboti yangu. Sikusikia hodi yake ya kwanza.

“Hii ni hodi ya pili,” alisema. “Ya tatu ninaingia tu.”

“Karibu, mama. Samahani. Simama huku, mvua itakumaliza.”

Alitua beseni, na harufu ya samaki wa chumvi ikajaa baraza yote. Badala ya kukaa, aligeuka akautazama ukuta wa mawe meusi unaozunguka parseli yetu, akaufuata kwa macho kona hadi kona kama mtu anayetaka kuununua.

“Njo huu,” alisema peke yake. “Ukuta wenye haupasuke.” Kisha akanigeukia. “Na wewe njo Olive, mutoto wa Papa Édouard wa balo?”

“Ni miye.”

“Mungu asifiwe. Leo nilisha ingia kwa ba-Olive wawili. Mumoja ni bibi ya muchungaji. Mwengine iko na miaka tatu, aliniona tu akalia.”

Nilicheka, nikamvutia kiti. Aliniambia anaitwa Mama Jeanine, kwamba anauza samaki, na kwamba ametoka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, juzi. Huku akisema alikuwa anafungua fundo kwenye pembe ya kitenge chake, pale wanawake wanapofunga vitu wasivyotaka vipotee. Alitoa kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa mara nyingi, na ndani yake kitu kidogo kama kifungo cha koti. Akakiweka mezani, kando ya mguu wa roboti.

Kilikuwa pinyo, kigurudumu cha plastiki chenye meno, cha rangi ya kijivu. Lakini katikati ya meno kulikuwa na rangi nyingine, nyekundu ya manjano, rangi ya mawese yaliyoingia ndani ya plastiki yakakataa kutoka. Sikuhitaji kuuliza imetoka kwa nani. Nilijua pinyo mbili tu za rangi ile, na ya pili ilikuwa ndani ya roboti iliyosimama mbele yangu. Ilizunguka kila nilipobonyeza swichi.

Nilikunjua karatasi. Iliandikwa: *Olive, ninaomba nusu yako. Prodige.*

Hakuna “habari yako”. Hakuna “miaka mitano ni mingi”. Maneno matatu na majina mawili. Mtu mwingine angeona ni ukali, lakini ndivyo tulivyopatana.

*

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Prodige kumi na miwili. Wazazi wake walipanga vyumba viwili nyuma ya nyumba yetu. Baba yangu tangu zamani anauza nguo za mitumba sokoni Birere, na siku moja alifungua balo, robota la nguo za watoto, akakuta, katikati ya visweta, mfuko wa vitofali vya kuchezea. Vilikuwa vile vyenye vichuchu juu, vinavyoshikana kimoja na kingine. Pamoja navyo kulikuwa na vijiti virefu vyenye matundu, vipini vya kufungia, magurudumu machache yenye meno, mota ndogo yenye waya wake, na kisanduku cha kutilia betri. Karatasi ya maelezo haikuwamo. Baba aliuleta mfuko nyumbani akaumwaga kwenye mkeka, akasema, “Hii haina mukono wala muguu. Mutengeneze mutakachoweza.”

Alisema “mutengeneze”, wengi, kwa sababu Prodige alikuwa ameshakaa chini kabla yangu.

Tulitengeneza roboti. Tuliiita Makasi, yaani mwenye nguvu, ingawa ile ya kwanza ilianguka Prodige alipoufunga mlango. Ya pili ilianguka bila mlango. Miguu tuliijenga kama mtu anavyopanga sabuni dukani, tofali juu ya tofali, zote sawasawa, nasi tulishangaa kwa nini inakatika magotini.

Wakati huo baba alikuwa amemwajiri fundi wa kujenga ukuta, Muzee Constant, mtu wa upande wa Bukavu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alikuwa anakula sambusa yake ya saa sita huku akitutazama. Siku tatu hakusema neno. Siku ya nne alishindwa kuvumilia.

“Munaweka mushono juu ya mushono,” alisema. “Ukuta ya vile unakohoa, inaanguka.”

“Hii si ukuta, muzee,” Prodige alijibu. “Ni roboti.”

“Kama iko na uzito na inasimama, ni ukuta. Kuja mutazame.”

Akatupeleka kwenye mawe yake. Kila jiwe lilikaa juu ya mawili, si juu ya moja. Kila baada ya mistari mitatu aliweka jiwe refu lililoshika pande zote mbili, na kwenye kona mawe yalipishana kama vidole vya mtu anayesali. Alituambia mawe haya ya volkano yana roho mbaya, ni mepesi halafu makali, ukiyaonea yanakuacha. Tulirudi mkekani tukabomoa kila kitu. Tulipomaliza upya, kila tofali lilikaa juu ya mawili, vijiti virefu vilifunga mguu hadi kiuno, na vipini tulivitia mbele na nyuma. Makasi alisimama. Tulimpa kipande cha sabuni, akasimama. Tulimpa mkebe wa nyanya, akasimama. Prodige alimpa kilo ya chumvi ya mama yake. Mama yake akapiga kelele kwa ajili ya chumvi, lakini Makasi hakutikisika.

Mwaka uliofuata tulimpeleka kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka shuleni. Jana yake mchana Prodige alisema meno yanalia, yanahitaji grisi. Grisi hatukuwa nayo. Mjomba wake alikuwa anaendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na akikosa grisi anapaka mawese kwenye ekseli. Basi tulichukua mawese jikoni tukayapaka kwa unyoya wa kuku, pinyo zote mbili, pande zote. Makasi alitembea bila sauti, laini kama padri anayeelekea altareni. Tuliona tumegundua jambo kubwa.

Ilikuwa mwezi wa sita. Anayeijua Goma anajua asubuhi za mwezi wa sita. Saa moja na nusu, uwanja wa shule ukiwa na ukungu, wazazi wamejifunika mashali, tulimweka Makasi juu ya meza mbele ya watu wote. Prodige akabonyeza swichi. Mota ikanung’unika. Makasi hakwenda popote. Mawese yalikuwa yameganda kati ya meno kama yanavyoganda kila asubuhi jikoni, hadi mama aweke mkebe karibu na makaa. Jambo hilo tulilishuhudia kila siku ya maisha yetu, na hatukulifikiria hata dakika moja.

“Makasi yenu amelala njaa,” mtoto mmoja alisema, na uwanja wote ukacheka.

Prodige hakulia. Alimchukua Makasi, akamtia chini ya shati lake, tumbo kwa tumbo, akakaa naye chini ya dirisha la darasa hadi jua likatoka. Mnamo saa nne, viti vimeshaondolewa na wazazi wamekwenda, alimtoa akamweka sakafuni. Makasi akatembea mita tatu, kutoka mlango wa darasa la tano hadi miguuni pa mlinzi wa shule. Mlinzi akampisha.

“Bien,” mlinzi alisema. “Na arudi.”

Makasi hakujua kurudi. Hilo tuliliahidi kwa mwaka mwingine.

Nimesoma miaka mingi tangu siku hiyo, nimepata diploma, nimetetea kazi yangu mbele ya maprofesa watatu. Lakini nikiulizwa ni lini niliamua kuwa mtu wa mashine, sina jibu lingine. Ni zile mita tatu ambazo hakuna aliyezipigia makofi.

*

Mwaka 2021 volkano ilipotema moto, Jumamosi ile ya mwezi wa tano, lava haikufika kwetu. Baadaye ndipo ardhi ilipoanza kutetemeka, mchana na usiku, siku baada ya siku. Tulikuwa tumeshakua, mimi nina miaka kumi na saba, na Makasi alikuwa juu ya kabati akila vumbi. Prodige alimshusha akamweka katikati ya meza. “Atatuambia,” alisema. Ardhi ikitikisika, Makasi alianza kuchezesha mabega kabla sisi hatujasikia kitu, na sote tulitoka nje mbio. Ukuta wa jirani ulipasuka kutoka juu hadi chini. Ukuta wa Muzee Constant haukupasuka. Makasi pia hakudondosha hata kipini kimoja.

Alhamisi asubuhi ikaja amri kwamba mtaa wetu uondoke. Baba alisema kila mtu mfuko mmoja, na katika mfuko huo chakula kwanza. Sisi tulikuwa twende Sake kwa miguu. Wazazi wa Prodige waliamua kupita Rutshuru, warudi kwao Butembo. Makasi hakuenea katika mfuko wowote.

Prodige alimvua mota na kisanduku cha betri, akanipa. Mwili alijifungia mgongoni kwa kitenge cha mama yake, kama mtoto. Pinyo zile mbili zilizozoeana meno alizigawa, moja kwake, moja kwangu. Tulikuwa tumesimama mlangoni, watu wanapita na magodoro, mama yake anamwita.

“Mwenye kuomba wa kwanza,” alisema, “mwengine anamupatia nusu yake. Bila kuuliza ya nini. Bila kusema ngoja.”

“Bila kuuliza ya nini,” nilisema. “Bila kusema ngoja.”

Nilidhani ni mambo ya wiki mbili. Hawakurudi tena. Simu yangu iliibwa Sake, namba zikapotea nayo, na baadaye mtu akaniambia tu kwamba Prodige amesomea ualimu.

*

“Ni mwalimu kwetu,” Mama Jeanine aliniambia, akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. “Mwaka wa ine ya shule ya primaire. Mutoto wangu Bénie iko kwake. Bako batoto kumi na saba, na ile mutu yenu ya plastiki iko mbele ya darasa. Kila mutoto ameifunga kipande. Inabeba mpaka mawe. Lakini inasimama sawa mutu wa douane pa mupaka, kama hautoe kitu hasogee.”

“Kwa nini hakutafuta namba yangu anipigie simu?”

“Simu yake iko mu ziwa. Ilianguka na yeye mwenyewe karibu afuate.” Alikunywa. “Aliambia batoto asema iko na rafiki Goma mwenye moyo wa huyu mutu. Akipata tu neno, atatuma. Batoto hawakubali. Bénie aliniuliza, mama, na kama mwalimu anatudanganya? Wiki kesho bulletin ya matokeo inatoka, masomo inaisha. Aliwaambia kabla ya bulletin atatembea.”

Nilikuwa nimekaa na pinyo kiganjani. Makasi wangu wa pili, ile roboti niliyokuwa naikaza goti, alikuwa mezani na kilo ya sukari mgongoni, tayari.

Lazima niseme jambo hilo lilikuwa na maana gani kwangu. Nilikuwa na miezi minane tangu kumaliza chuo, na miezi minane ya kuacha barua katika maofisi. Kisha shirika moja likatangaza maonyesho ya vijana mafundi, Jumamosi hiyo hiyo, saa nne. Mmoja tu angechaguliwa kwenda Kampala mwaka mzima, kujifunza katika karakana ya mashine za kilimo. Sharti lilikuwa moja. Kila mmoja alete kielelezo alichokijenga mwenyewe, kitembee mita mbili na mzigo wa kilo moja. Vitofali vyangu nilikuwa nimevikusanya miaka mitano, kimoja kimoja, kila baba alipovikuta ndani ya balo. Ndiyo maana Makasi wa pili ana mguu mwekundu na mwingine wa kijani. Mota ilikuwa ile ile ya zamani. Nyingine ya aina hiyo nilishaitafuta kila duka la Birere, hakuna. Kuiagiza kupitia Kigali ni wiki sita.

“Mama unarudi lini?” niliuliza. Nilijisikia nikiuliza kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma.

“Vendredi, saa mbili asubuhi. Gari ya Rutshuru. Kisha hapo, kama barabara itakubali, mwezi wa nane.”

Ijumaa saa mbili. Jumamosi saa nne. Saa ishirini na sita tu zilikuwa katikati.

Nilimshonea kandambili kwa waya wa shaba, akaivaa, akakanyaga mara mbili, akasema itafika hadi mbinguni. Akaniambia atakuwa kwenye parkingi Ijumaa kuanzia saa moja, na kwamba nisipokuja ataelewa. Hilo la kuelewa ndilo lililonichoma.

*

Baba alirudi saa kumi na mbili, nikamweleza yote huku akivua viatu. Baba yangu ni mtu wa Butembo, mfanyabiashara, hapendi kusema kabla hajakaa.

“Siku mbili tu,” alisema alipokaa. “Uonyeshe samedi, na lundi mimi mwenyewe namupa chauffeur muzigo.”

“Jumatatu dereva atafika Rutshuru tu. Kutoka Rutshuru hadi Vitshumbi nani atabeba?”

“Tutapata mutu.”

“Na nilisema sitasema ngoja.”

“Mulikuwa batoto, Olive.”

“Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, papa.”

Alishika bega lake la kulia. Najua alikumbuka nini, kwa sababu mimi pia nilikumbuka. Miaka ishirini alisafiri kati ya Butembo na Goma, na kila safari alibeba komisyo za watu, mizigo midogo wanayomkabidhi kwa sababu yeye anapita. Mara moja lori lilikwama kwenye matope ya Kanyabayonga siku mbili. Alikuwa amebeba kichwa cha cherehani ya mama mmoja mjane, na alikuwa amesema kitafika Jumapili. Akakitia begani, akatembea hadi alipopata gari lingine. Kilifika Jumapili. Mama huyo hakujua chochote, alidhani gari lilikuja moja kwa moja. Kama nisingeishi nyumba moja na baba, nisingejua pia. Bega lake la kulia bado linamuuma mvua ikitaka kunyesha.

“Kuna radio yangu ya zamani,” alisema mwishoni. “Ile ya kaseti. Ndani iko na mota.”

Alhamisi yote nilipambana na mota ya radio. Ekseli yake ilikuwa ya mviringo, matundu ya pinyo ni ya msalaba. Nilitoboa upya kwa msumari wa moto, nikafunga kwa uzi, nikabana kwa vijiti. Ilizunguka, lakini ilizunguka kama inzi ndani ya chupa, haraka bila nguvu. Bila mzigo, Makasi wa pili alitetemeka mahali pake. Nilipomwekea sukari, mota ilitoa moshi mwembamba. Ikazimika, ikabaki na harufu. Miguu haikulegea hata kidogo. Nilimgusa bega, kipini baada ya kipini, kila kimoja mahali pake. Nilitamani kidogo angeanguka, nipate sababu.

Saa kumi nilimpigia simu Monsieur Damascène, mwenye kuandaa maonyesho. Nilimweleza kwamba kielelezo changu kitakuja bila mota.

“Mademoiselle, sheria ni deux mètres na kilo moja.”

“Kilo moja si shida. Kinasimama na kilo kumi.”

“Kusimama, hata meza inasimama,” alisema, si kwa ubaya. Nilisikia kalamu yake. “Ungepata hata siku moja mota ya kuazima?”

“Ninayo moja. Lakini nimeshaiahidi.”

“Umeiahidi kwa nani?”

Nilitaka kusema kwa watoto kumi na saba. Nilitaka kusema kwa mwalimu ambaye neno lake mbele ya darasa limesimama juu ya neno langu, kama jiwe juu ya jiwe. Ningesema hivyo, pengine angenihurumia, na mimi ningekuwa nauza ahadi yangu ili nipate nafasi.

“Kwa rafiki,” nilisema.

“Basi nitaandika Honoré kwa nafasi yako. Yeye alikuwa anangojea. Pole, mademoiselle.”

“Asante, monsieur.”

Nilikaa kwa muda barazani. Sitadanganya, nililia kidogo. Kampala nilikuwa nimeshaijenga kichwani, kitanda changu, karakana, ovaroli yenye jina langu kifuani. Kisha nikachukua bisibisi.

Kumvua Makasi mota ni kazi ya vipini vinane. Nilivitoa polepole, kama tulivyovitoa asubuhi ile mlangoni. Mota, waya, kisanduku cha betri. Halafu pinyo yangu. Niliziweka pinyo mbili pamoja juu ya meza na kuzikutanisha meno. Miaka mitano, na bado ziliingiana bila kulazimishwa. Nilizinusa. Zilinuka samaki sasa, lakini chini ya samaki kulikuwa na jiko la mama.

Baba alinikuta hapo. Alitazama roboti yenye tundu tumboni, akatazama mezani. Aliingia ndani akatoka na plastiki nzito, uzi wa kushonea magunia na kalamu ya wino. Akanisogezea karatasi mbili.

“Jina unaandika mara mbili,” alisema. “Moja ndani, moja juu. Ya juu ikifutika na mvua, ya ndani inabakia. Hivyo njo tunafanya.”

Nikaandika mara mbili: *Mwalimu Prodige, Vitshumbi.* Kwenye ile ya ndani nikaongeza mistari miwili, kwa sababu tulipatana kutouliza na kutosema ngoja, lakini hatukupatana kunyamaza kabisa. Baba alifunga mzigo kwa mafundo ya msalaba, akauvuta, akautikisa kwenye sikio.

“Hausemi,” alisema. “Ni mzuri.”

*

Ijumaa tulitoka pamoja saa kumi na mbili na nusu. Asubuhi ilikuwa baridi, ukungu umekalia paa za mabati, na barabarani machukudu yalikuwa yameshaanza kushuka na makabichi. Mama Jeanine alikuwa juu ya gunia lake karibu na gari, beseni tupu magotini. Aliponiona alisimama upesi, halafu akajifanya hakusimama upesi.

“Kandambili inatembea,” alisema, akiinua mguu.

Nilimpa mzigo kwa mikono miwili. Aliupima uzito, akasoma jina herufi kwa herufi, kwa sauti. Beseni hakulifikiria hata kidogo. Alifungua kitenge cha juu, akauweka mzigo kiunoni, akaufunga juu yake kwa kitenge cha pili, akafanya fundo.

“Hii haitanuka samaki,” alisema. “Na haitashuka mpaka nimuone yeye kwa macho.”

“Asante, mama.”

“Uliandika nini ndani? Bénie ataniuliza.”

Nilitabasamu. “Nimemwandikia asiogope mawese. Huko kwenu kuna joto, hayagandi. Ayapake kwa unyoya wa kuku.”

Alinitazama kama mtu asiye na hakika kama ni mzaha. Baba yangu, aliyekula mawese yaliyoganda kila asubuhi ya maisha yake, aligeuka pembeni akicheka na mabega yake, lile zima na lile linalouma.

Dereva alipiga honi. Mama Jeanine alipanda, akajipenyeza kati ya magunia mawili ya unga, mkono mmoja juu ya fundo la kitenge. Kisha akainama kutoka juu.

“Na ile yako ya mezani? Itatembea na nini?”

“Itasimama kwanza,” nilisema.

Gari likaondoka kuelekea Rutshuru. Baba alinishika bega, tukarudi Majengo kwa miguu.